Namna Ajuza Alivyonusurika Kugeuzwa Sufuria

Tangu turudi sijapata kunywa kahawa ya moto barazani. Kila nikiinua kikombe, mtu ananishika mkono: "Mbarak, hebu tueleze, ilikuwaje?" Nikimaliza kwa huyu anakuja mwingine aliyesikia nusu ya habari, na hiyo nusu siyo iliyotokea. Yuko anayeapa kwamba tulianguka Tsavo tukalelewa na simba. Basi nimeandika mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, nami ninywe kahawa yangu. Shule ya jioni sikuisomea bure.

Kwa asiyetujua, mimi ni fundi wa mafriji hapa Kibokoni. Pamoja na rafiki yangu Mutua, mwendesha kreni bandarini, na shangazi yangu Bi Khola, ninamiliki ndege. Ndiyo, ndege. Ina injini moja na viti vinne, na umri wake ni mkubwa hata nikienda kuiosha huanza na shikamoo. Tunamwita Ajuza. Mutua nilikutana naye shule ya jioni tukigawana dawati moja. Yeye alitaka cheti akasomee urubani, mimi nilitaka cheti nimnyamazishe shemeji yangu. Sote tulifaulu. Mutua ndiye rubani, na mimi ndimi kila kitu kingine: mwosha mabawa, mpima oili, msoma ramani, mbeba chakula na mwombaji dua.

Watu hudhani kazi ya kuwa na ndege ni kuruka. Kazi yenyewe ni kupigana na chumvi. Hewa ya Mombasa inakula bati huku umesimama unalitazama. Ukimaliza kusugua bawa la kulia, la kushoto limeshaanza kuota kutu kwa wivu. Na ukiishinda chumvi, kuna bima.

Afisa wa bima ni kijana mpole, na Ajuza amemzidi umri hata akijumlishwa na baba yake. Alitwambia bima iliyopo inakwisha mwisho wa mwezi. Yuko tayari kuiandika upya, na safari hii abiria nao wataingia, ila kwa masharti mawili. Kwanza, viti vya nyuma vitengenezwe na kutiwa mikanda mipya. Pili, Ajuza apelekwe Nairobi akakaguliwe na injinia mwenye leseni, na injinia atie sahihi yake. Bila sahihi hakuna bima. Bila bima ndege hairuki, na ndege isiyoruka haina nafasi uwanjani.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kunusa habari hiyo. Nilimkuta siku moja anamzunguka Ajuza, anagonga bawa kwa kidole na kusikiliza kama anayechagua tikiti maji.

"Alumini safi," akaniambia. "Hapa zitatoka sufuria za pilau za kulisha harusi za mtaa mzima."

Nikamwambia pilau hiyo ataila yeye na jamaa zake, kwa Ajuza asahau. Lakini usingizi wangu ulianza kuharibika. Kila nikifumba macho namwona Ajuza yuko jikoni, ana kifuniko kichwani.

Shangazi naye, aliposikia neno abiria, akakaa wima. Hapa lazima nieleze, maana yote yaliyofuata yanatoka hapa. Tangu sijazaliwa Shangazi anabishana na jirani yake Bi Rukia. Bi Rukia husema Mombasa ni kisiwa, ndivyo alivyofunzwa. Shangazi husema alipokuwa msichana alivuka tuta la Makupa kwenda bara kwa miguu na viatu vyake havikurowa, na mahali unapotoka kwa viatu vikavu si kisiwa. Wamebishana kwenye harusi, wamebishana kwenye matanga. Shangazi aliingia kwenye ushirika wetu wa ndege kwa sharti moja tu: siku moja apandishwe juu, aone kwa mato yake kama maji yamezunguka kweli au yamezungushwa na walimu.

Kibokoni hadi uwanjani

Viti nilivitengeneza mwenyewe kwa Shangazi, chumba cha juu. Nilivivua nguo kuukuu, nikavitia godoro jipya na ngozi nyeusi ambayo waziri angeweza kuikalia bila kulalamika. Nilibeba pia kile kifuniko cha plastiki kinacholala juu ya dashibodi ya ndege, kinachofunika saa za vipimo na nyaya zilizo chini yake. Kilikuwa kimepasuka kwa jua, nikakibandika ngozi kwa gundi, nikakiacha kwa Shangazi kikauke pamoja na viti.

Nilipokwenda kuvichukua Shangazi alinipokea mlangoni, ameridhika.

"Vitu vyako viko tayari," akasema. "Nimevifanyia yote yatakiwayo kufanywa."

Nikadhani amevipangusa vumbi. Nikamshukuru, nikambusu mkono, nikaviteremsha hadi kwenye mkokoteni.

Kutoka pale hadi barabara kuu nilipita Ndia Kuu, na sijawahi kujibu maswali mengi hivyo tangu mtihani wa mwisho. Muuza vinyago aliniuliza kama sofa yauzwa. Nilipomwambia ni viti vya ndege, akageukia mwenzake: "Leo Mbarak ameamka na homa." Mtalii mmoja alipiga picha. Mzee aliyekuwa anapita akasimama, akavuta pumzi karibu na mkokoteni, akatikisa kichwa kwa furaha, akaniambia, "Hongera, mwanangu." Sikuelewa hongera ya nini. Nikaipokea, maana hongera hairudishwi.

Uwanjani Mutua alikuwa ameshamfungua Ajuza na anamkagua kwa tochi. Tulifunga viti, tukafunga mikanda, tukarudisha kifuniko juu ya dashibodi. Mutua akaketi mbele, akashika usukani, akavuta pumzi.

"Anajisikia kama mpya," akasema.

Tukasema twende. Mutua aliomba kwa dini yake, mimi kwa yangu, na Ajuza akakohoa mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akanguruma hata ndege wa kweli wakahama miti.

Mombasa hadi Voi

Njia ya kwenda Nairobi kwa ndege kama yetu haipotei: unafuata reli na barabara. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, na msinione mwongo, kuna basi chini yetu lilitupita. Mutua anasema lilikuwa lori. Basi au lori, lilitupita, na dereva wake alipiga honi.

Nilikuwa nimebeba mahamri, mbaazi za nazi kwenye chupa ya chai, na samaki wa kupaka. Mutua hali akiwa angani, anasema mikono ya rubani haipaswi kuwa na mafuta. Nilikula kwa niaba yetu sote.

Karibu na Voi milima ya Taita ilikuwa haionekani. Ilikuwa imejifunika mawingu meusi, na mbele yetu mvua ilikuwa imening'inia kama pazia. Mutua alitazama, akatazama tena.

"Tunashuka," akasema.

"Ajuza ameona mvua kubwa kuliko hii."

"Ndiyo maana amezeeka. Tunashuka."

Uwanja wa Voi ulikuwa na mbuzi. Tulipita juu yao mara ya kwanza wakatutazama, mara ya pili wakatutazama na kuendelea kula, mara ya tatu mlinzi akatoka mbio na fimbo, na mbuzi wakaondoka polepole, mmoja mmoja, kama wazee wanaotoka kwenye mkutano uliowaudhi. Tulitua. Mvua ikafika nyuma yetu.

Ilinyesha hadi ikachoka. Tulijibanza kwenye banda la mama mmoja anayepika karibu na lango, Mama Mghoi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutetemesha bati. Tulipoingia tu akaacha mwiko.

"Ooo, karibuni. Mwaenda kuposa wapi?"

Tukatazamana.

"Hatuposi, mama," Mutua akasema. "Twaenda Nairobi kutengeneza ndege."

"Haya." Akatukonyeza. "Na huyu mwenzio ndiye bwana arusi?"

"Mimi nina mke, mama," nikasema.

"Wa kwanza," akajibu, na banda zima likacheka.

Alituletea kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, kilima kizima kwenye sahani, na hakutaka tukatae. Alisema mtu anayekwenda kwa wakwe hafiki na tumbo tupu, atashindwa kujibu maswali. Kila aliyeingia kujikinga mvua aliambiwa kuhusu posa yetu. Mzee mmoja alinipa nasaha za ndoa ambazo mke wangu angezipenda. Mimi na Mutua tulikubaliana kwamba watu wa Voi ni wakarimu lakini wanapenda mizaha, tukalala pale na asubuhi mbingu ikafunguka.

Voi hadi Nairobi

Hakuna cha ajabu njiani isipokuwa tembo, na tembo mnawajua. Nilihesabu elfu. Mutua anasema walikuwa familia moja na mawe mengi.

Kilichonikaa moyoni ni Ajuza mwenyewe. Tulipanda juu, hewa ikawa baridi, nami mtu wa Pwani nikajifunika taulo. Lakini injini ilikuwa inaimba. Hakuna tone la oili lililovuja, hakuna mshale uliotikisika. Nilimpapasa dashibodi nikamwambia, "Bibi, leo utapata sahihi." Mutua akacheka, lakini niliona naye anaipapasa kwa upande wake.

Uwanja mdogo wa Nairobi una ndege nyingi kama kunguru wa soko la Kongowea. Tulitua katikati ya ndege zinazong'aa, za watu wanaong'aa, na Ajuza akapita katikati yao taratibu, magurudumu yana matope ya Voi, bila haya yoyote.

Karakana

Injinia alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Wanjiru, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na mtu wa maneno machache. Alimkagua Ajuza mwili mzima. Alifungua injini akaandika kitu. Alitazama mabawa akaandika kitu. Alitikisa mkia akasema, "Mmemtunza." Mutua aligeuka ili nisione uso wake.

Kisha akafungua mlango, akaingiza kichwa ndani, na hapohapo akarudi nyuma.

"Nini kimeungua humu?"

"Hakuna kilichoungua," nikasema.

"Kuna harufu ya moto."

Niliingiza kichwa nikanusa. Sikusikia kitu. Mutua akanusa, hakusikia kitu. Wanjiru alitutazama kama watu wawili walioamua kumdhihaki kazini kwake. Akakivua kile kifuniko cha dashibodi, akakigeuza. Chini yake kulikuwa na doa pana la kahawia, kama chapati iliyosahauliwa.

"Na hili?"

Doa lile lilikuwa mahali penyewe kabisa, juu ya nyaya.

Hatukuondoka siku ile wala ya pili yake. Wanjiru alizivua nyaya zote za dashibodi, akazipima mmoja mmoja kwa chombo chake. Zote nzima. Swichi nzima. Hakuna palipoungua, na harufu ipo. Alituita akatuketisha kwenye makasha ya vipuri.

"Injini ni nzuri, mwili ni mzuri, nyaya nzuri," akasema. "Lakini siwezi kutia sahihi kwenye ndege inayonuka moto na sijui moto ulikuwa wapi. Mnataka kubeba abiria. Mimi nitalala vipi?"

Nilimwazia Shangazi amekaa kiti cha nyuma. Lakini mwezi ulikuwa unaisha, na bima ikiisha tukiwa Nairobi, Ajuza angebaki pale pale, na wanunuzi wa vyuma chakavu Nairobi ni wengi kuliko wetu.

"Tafuta tena, tafadhali," nikamwambia. "Sisi hatuondoki. Tutalala hapa kwenye makasha, utatukuta na kutu."

"Nimetafuta kote."

"Basi niambie ni harufu ya namna gani. Mimi ni fundi wa mafriji, moto wa nyaya naujua."

Wanjiru akafikiri. "Kama kashata. Mtu ameunguza kashata, akamwagia manukato, akajaribu kuficha." Akaniinamia, akanusa tena, akashtuka. "Iko hata kwenye shati lako."

Nikainua kola nikanusa. Nikanusa tena. Wallahi sikusikia kitu isipokuwa shati.

"Hiyo siyo harufu," nikasema. "Hiyo ni nyumbani."

Na neno lenyewe lilipotoka kinywani ndipo nikasimama. Nilimwona yule mzee wa Ndia Kuu akinipa hongera. Nilimwona Mama Mghoi na bwana arusi wake. Mutua alikuwa ameshafikia mahali hapohapo, mikono kichwani.

"Mbarak," akasema polepole, "mwulize Shangazi yote yatakiwayo kufanywa ni yapi."

Nikapiga simu.

"Shangazi, vile viti na kile kifuniko, ulivifukiza udi?"

"Nisivifukize kwa nini? Vilikuwa vyanuka gundi. Ungewaketisha watu kwenye gundi?"

"Kifuniko ulikiweka wapi?"

"Juu ya tenga la kufukizia nguo, na chetezo cha makaa chini yake. Usiku na asubuhi. Hicho ndicho kilichonuka zaidi."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: udi wa Shangazi si kijiti cha dukani. Huupika mwenyewe kwa sukari, sandali, marashi na vitu ambavyo hajamtajia hata mama yangu, kisha huuweka juu ya makaa, na moshi wake huingia kwenye nguo, mapazia, mashuka na watu. Mtu akinukia hivyo, watu hujua kuna arusi au posa. Nimelelewa ndani ya moshi huo. Mutua anakula kwetu kila Ijumaa mwaka hadi mwaka. Pua zetu haziusikii, kama vile mtu asivyosikia mate yake.

Nilimweleza Wanjiru yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Inawezekana," akasema. "Lakini sitii sahihi kwenye hadithi. Nitatia nikinusa."

Nilikwenda Eastleigh, nikanunua udi wa kila namna, wa bei ghali na wa bei rahisi, nikarudi nao kama mtu anayefungua duka. Tukauchoma nje ya lango. Wanjiru alinusa wa kwanza hadi wa mwisho.

"Hizi ni nzuri. Ile yenu siyo hizi."

Nikapiga simu tena. "Shangazi, nipe mchanganyiko wako, niupike hapa."

Nikamsikia kwanza anafunga mlango wa chumba.

"Mamangu hakumpa dadake," akasema Shangazi. "Nitakupa wewe, kwa simu, watu wote wa Nairobi wasikie? N'nakuya."

"Utakuja vipi? Hujawahi kupita Mariakani."

"Kwa basi, baba. Mabasi yako Mwembe Tayari, nami n'na miguu. Huyo injinia mwambie asiende popote."

Mwembe Tayari hadi Nairobi

Safari hii sikuwemo, naieleza kama alivyoieleza yeye, nikipunguza chumvi kidogo, maana sote wawili tukitia itakuwa kali.

Shangazi alipanda basi la asubuhi amevaa buibui lililofukizwa upya kwa heshima ya safari, na kikapu magotini. Ndani ya kikapu mna kopo la udi, chetezo cha udongo kilichofungwa kanga, na viazi vya karai vya kumtosha abiria yeyote atakayemkalia karibu. Aliamkiana na basi zima, kiti kwa kiti, hadi dereva akauliza kama ni mkaguzi.

Hawajafika mbali, dereva akaanza kunusa. Akasimamisha basi. Akashuka, akashika magurudumu, akalala chini ya basi akatazama klachi. Kondakta akapita ndani akiuliza ni nani amewasha kitu. Hakuna. Wakaondoka. Baadaye kidogo dereva akanusa tena, akasimama tena. Abiria wakaanza kunung'unika kwamba basi ni bovu. Kijana mmoja alitaka kurudishiwa nauli.

"Na wewe hukusema kitu?" nikamwuliza.

"Hawakuniuliza mimi. Walikuwa wauliza nani amewasha. Mimi sikuwasha."

Kufika Mtito Andei alikuwa amegawa viazi vyote, na wale waliokuwa wananung'unika walikuwa wanamwita mama. Dereva peke yake ndiye hakula. Alikuwa chini ya basi.

Nilimpokea jioni. Asubuhi yake aliingia karakana kama aliyeinunua. Wanjiru alinyoosha mkono kusalimu, na hapo ndipo watu wawili wa mahali tofauti walipokutana.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, mama. Sasa hiki kifuniko—"

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Hiki kifuniko—"

"Wazazi hawajambo? Watoto? Kazi haikuchoshi? Baridi hii waiwezaje?"

Wanjiru aliweka kifuniko chini. Alijibu maswali yote, moja moja, na kufikia habari ya baridi alikuwa anamweleza Shangazi kuhusu goti lake linalouma.

Makaa tuliyapata kwa mwanamke anayechoma mahindi nje ya lango, mbali na ndege na mafuta yake. Hapo Wanjiru hakutaka mchezo, na Shangazi alimuunga mkono. Shangazi akapanga makaa kwenye chetezo, akangoja yatulie, akatia udi kwa ncha za vidole. Moshi ukapanda. Wanjiru akainama, akavuta pumzi, akafumba macho. Kisha akakinusa kifuniko. Kisha moshi. Akaleta kipande cha plastiki kisichotumika, akakishika juu ya moshi kwa muda mrefu, mkono hautikisiki. Kilipogeuzwa kilikuwa na doa la kahawia, chapati ndogo, pacha wa ile kubwa.

"Ndiyo hii," akasema.

Mutua akaketi palepale chini, kwenye majani.

"Na sukari ya nini, mama?" Wanjiru akauliza.

"Bila sukari udi hukimbia. Sukari huushika."

Wanjiru akakisugua kifuniko kwa dawa yake hadi doa likatoka. Harufu haikutoka. Alijaribu tena, akaacha.

"Nimeizoea," akatwambia. "Sasa sikieni. Hii ndiyo harufu ya ndege hii. Siku mkiingia mkasikia nyingine, zimeni kila kitu mnipigie simu."

Akatia sahihi. Shangazi akamwachia kipande cha udi kwenye karatasi. Mchanganyiko hakumwambia.

Nairobi hadi juu ya kisiwa

Afisa wa bima alitupigia tukiwa bado karakana. Bima imeandikwa, abiria wameingia. Nilimwambia abiria wetu ameshafunga mkanda.

Shangazi alikaa kiti cha nyuma nilichokishona mwenyewe, kikapu magotini, tasbihi mkononi. Tulipoinuka alishika bega la Mutua kwa nguvu hata likabaki na alama za vidole kesho yake. Upepo sasa ulikuwa nyuma yetu, na lile basi, au lori, tulilipita. Nilitaka kupiga honi, ila Ajuza hana.

Juu ya Voi Shangazi aliuliza kama watu wa chini wanasikia harufu. Nikamwambia yuko mama mmoja pale nina hakika amesimamisha mwiko.

Kisha bahari ikaonekana. Mutua aliomba ruhusa kwa waongoza ndege wa Mombasa, wakamkubalia kuzunguka mara moja. Akamlaza Ajuza ubavu upande wa Shangazi.

Ilikuwa yote hapo chini, ndogo kama sinia. Bandari ya zamani, mabati yetu ya Kibokoni yamebanana, ngome, daraja la Nyali, feri za Likoni zinapishana. Shangazi alifuata maji kwa kidole juu ya kioo, hatua kwa hatua. Kilindini. Maji. Bandari ya mizigo, na kreni ya Mutua imesimama peke yake. Maji. Kidole kikafika Makupa kikasimama.

"Pale chini ya daraja ni nini?"

"Maji, Shangazi."

"Yameingia lini?"

"Walipofukua lile tuta na kujenga daraja."

"Kwa hivyo nilipovuka mimi—"

"Ulivuka pakavu. Ulisema kweli."

"Na sasa?"

Mutua alijifanya anasoma saa za dashibodi, na saa zote zilikuwa sawa.

"Mutua, baba," akasema Shangazi, "zunguka tena."

Mutua akaomba tena, wakamkubalia tena. Shangazi aliweka paji la uso kwenye kioo, akapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na safari hii hakikusimama mahali. Alipomaliza, aliketi wima, akatengeneza buibui lake.

"Wataniuliza barazani," akasema. "Mbarak, wewe ndiwe mwenye cheti. Nambie utawajibu nini."

Basi nyote mlioniuliza, na hasa wewe Bi Rukia ambaye najua utasomewa haya: Ajuza ana sahihi, ana bima, na leo amelala mahali pake uwanjani akinuka kwetu. Mnunuzi wa vyuma akatafute sufuria kwingine. Na kuhusu ule ubishi wenu, nimetumwa na Shangazi niseme kwamba siku ile, juu ya Makupa, kulikuwa na mawingu.